Mama Siasa

Kijana aliyenipigia simu kutoka chuoni alikuwa na adabu. Aliniamkia, nikamwitikia, kisha akasema kwamba idara ya siasa na utawala inatengeneza ukuta wa picha za wahitimu wake mashuhuri, na kwamba yangu nayo imependekezwa. Nilicheka. Nikamuuliza, mashuhuri kwa lipi? Kazi yangu kubwa serikalini ilikuwa kusaini likizo za watu na kuamua nani apewe gari bovu na nani apewe bovu zaidi. Akasema, "Lakini mama, si ulistaafu ukiwa katibu tawala?" Nikamwambia haya, kama ndivyo mnavyopima, bandikeni.

Halafu akanitajia wengine watakaobandikwa. Wawili kati yao niliwajua kabla hawajawa watu wa kubandikwa popote. Mmoja alikuja kuwa mkubwa serikalini, mwingine akawa msemaji wa upinzani aliyewanyima wakubwa hao usingizi kwa miaka. Kijana akadhani tulikuwa pamoja chuoni. Nikamwambia hapana, wao walikuwa wameshaondoka nilipoingia. Niliwajua nyumbani kwetu Mkunya, kwenye sinia moja la ugali wa muhogo, siku waliyomwokoa mama yangu bila wenyewe kujua. Kijana akaniuliza chini ya picha yangu aandike maneno gani. Nikamwambia anipe muda nifikiri.

Inabidi nianze na neno lenyewe. Nilipochaguliwa kwenda chuo kikuu, nchi ilikuwa na chama kimoja, na siasa ilikuwa moja. Shuleni tulifundishwa siasa kama tulivyofundishwa hesabu, na jibu lilikuwa moja kuliko hata la hesabu. Kwa hiyo mjomba alipoulizwa mpwa wake anakwenda kusomea nini, alijibu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Siasa!" Kwetu Umakondeni mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno la mwisho juu yake, na baba yangu alikuwa ameshafariki, basi neno la mjomba halikuwa na mpinzani. Tena alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama. Alichinja mbuzi. Akanitembeza Chilangala na Newala mjini kana kwamba yeye ndiye aliyekaa kwenye mtihani, akiniweka mbele ya wazee wenzake. "Huyu anasoma siasa," alisema, na wazee wakanipa mkono.

Kisha mageuzi yakaja. Kwetu yalianza na sabuni. Maduka ya Newala, ambayo nilikuwa nimeyazoea na rafu tupu na muuzaji anayepiga miayo, yakajaa sabuni za rangi rangi. Mitumba ikatandazwa chini sokoni, wasichana wakavaa sketi zisizojulikana zimetoka kwa nani. Malori ya wanunuzi binafsi yakaanza kupanda kutoka Masasi kutafuta korosho, ambazo zamani zilikwenda kwa ushirika peke yake. Watu walifurahi, wakaogopa, wakafurahi tena. Halafu ikatangazwa kwamba vyama navyo ni ruksa, anayetaka aanzishe chake. Mjomba sabuni aliipokea vizuri tu. Hilo la vyama lilimkwama kooni.

Mimi wakati huo nilikuwa chuoni, sina habari kwamba neno langu limegeuka huku nyuma. Nilikuwa nimeondoka nikisoma siasa. Niliporudi kwa likizo ndefu kabla ya mwaka wa mwisho, mwanamke wa kwanza aliyenipokea mzigo pale stendi ya Newala aliniuliza, kwa upole kabisa, "Siasa ya nani?"

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Mkunya nzima ilikuwa imeshaamua kwamba kama siasa sasa ni nyingi, basi binti wa kwetu anayesomeshwa siasa mjini lazima anasomeshwa mojawapo, na kama ingekuwa ile ya zamani, ya nini kwenda mbali kote huko wakati mjomba wake anayo nyumbani? Walikuwa na mantiki yao, sikatai. Wakasema nimetumwa kuleta chama kipya kijijini. Siku zile hilo halikuwa jambo la mzaha. Kijiji cha jirani kulikuwa na mtu aliyechukua kadi mpya, na alipotaka kuezeka nyumba hakuja hata mmoja kumshikia nyasi. Alipiga paa lake peke yake, mkewe akimrushia kamba kutoka chini.

Kabla ya hapo, mama aliitwa kwa jina langu, kama wanawake wote wa kwetu wanavyoitwa kwa mtoto wao wa kwanza. Jina lake la kuzaliwa nadhani hata mjomba alikuwa amelisahau. Sasa pale bombani wakambandika jingine: Mama Siasa. Mwanzoni walilisema kwa kicheko. Kicheko kikaisha, jina likabaki.

Mtu asiyewahi kukaa juu kule kwetu hatajua bomba ni nini. Hatuna mto. Maji yanapandishwa kwa mashine kutoka bondeni, na yanafika mashine ikiwa na afya na dizeli ikiwepo. Mama, enzi za usichana wake, aliyafuata kwa miguu huko huko chini ya mteremko, na mpaka uzee wake alikuwa akilitazama bomba kwa heshima. Kiangazi kile foleni ya ndoo ilianza alfajiri. Na ndoo ikishajaa, hakuna mwanamke anayeipandisha kichwani peke yake. Anapiga magoti kidogo, anaweka ngata ya khanga utosini, na mwenzake aliye nyuma yake kwenye foleni anamtwisha. Hakuna anayeomba, hakuna anayeshukuru. Watu hutwishana hata wakiwa wamenuniana.

Jioni ile ya kufika niliona ndoo ya mama ina maji nusu. Nikamuuliza. Akasema shingo inamsumbua. Kesho yake nikamfuata bombani, na nikaona shingo yake ilivyokuwa inasumbua. Mama alijaza ndoo, akainama, akaweka ngata. Yule wa nyuma yake, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke ambaye mama alimkanda kwa maji ya moto kwenye uzazi wake wa mwisho, akaanza kufunga upya khanga yake. Aliifunga taratibu sana. Aliyefuata alikuwa anatazama mikorosho. Mama akasubiri kidogo, akainamisha ndoo, akamwaga nusu ya maji aliyoyangoja tangu alfajiri, akajitwika mwenyewe ile iliyobaki.

Mimi nina hasira za karibu, wote walionifanyia kazi watakwambia. Nilifungua kinywa. Mama akanifinya mkono mpaka nikakifunga. Nikaichukua ndoo, nikaijaza tena, nikamtwisha mwenyewe mbele yao, kwa nguvu mpaka maji yakawa yanaruka.

"Kwa siasa, mwanangu," mama akasema. "Kwa siasa."

Hilo lilikuwa neno lake la siku zote. Watu wazima wa zamani walilitumia hivyo, kwa maana ya upole, ya kufanya jambo taratibu lisiharibike. Nimelisikia tangu sijui kutembea: mtue mtoto kwa siasa, epua chungu kwa siasa, mwambie bibi yako habari hiyo kwa siasa. Pale bombani wanawake wawili waliangaliana lilipomtoka. Wao walisikia la vyama.

Mjomba aliniita jioni yake. Nilimwamkia, akaitikia, akanionyesha pa kukaa. Alikuwa amekonda. Akasema ukoo utakaa Jumamosi kuamua habari yangu, na kwamba yeye kwa upande wake anaona nisirudi chuoni. Shule ya msingi ina upungufu wa walimu, atanisemea. Nikaanza kumpa maelezo. Nikamweleza kwamba idara yetu haimfundishi mtu chama, inafundisha namna serikali zinavyoundwa na kuendeshwa, nikamwekea na historia. Nilizungumza vizuri sana, nadhani. Aliniacha nimalize.

"Nimesikia, mpwa wangu. Wewe utapanda gari utaondoka," akasema. "Mama yako anabaki hapa. Nani atamtwisha?"

Nilikuwa nimeshinda midahalo chuoni, nilikuwa na jibu la kila mtu, na swali lile la mjomba lilinikalisha. Mbaya zaidi, niliona ana haki. Nikarudi nyumbani nikamwambia mama kwamba nitabaki, nitafundisha, hakuna neno. Mama alikuwa anamenya muhogo. Hakuinua uso.

"Nabeba ndoo nusu," akasema. "Sijabeba tupu. Nenda kasome."

Nililia sana siku hizo, nasema kweli. Nililia kwa uchungu na kwa hasira, na kwa kumwonea wivu kila mtu aliyesomea kilimo.

Jumamosi ikafika, na Jumamosi hiyo hiyo chama kipya kilikuwa kimeomba kufanya mkutano kwenye kiwanja cha mpira. Mwandaaji wao alitakiwa kwanza apite kwa mjomba kujitambulisha, maana hata kama hutaki chama cha mtu, huwezi kuingia kijijini kwake bila kumpa shikamoo. Alikuwa kijana mwembamba, Myao wa Masasi, viatu vimejaa vumbi jekundu. Mjomba alikuwa amevaa shati la chama chake na kofia ya kiua. Aliitikia marahaba bila kufungua meno, akamwelekeza kwenye kigoda chenye mguu mmoja mfupi. Mimi na mama tulikuwa uani kwake, tunawapikia wanaukoo watakaokuja kuniamua. Naam, nilipika mwenyewe chakula cha kikao changu.

Tukasikia pikipiki. Alikuwa katibu tarafa, kijana wa serikali aliyetumwa kuhakikisha mkutano hauleti fujo. Mjomba alisimama, uso ukamng'aa. Nilimwona kupitia upenyo wa makuti. Alitegemea sasa serikali imefika, na yule mwembamba atarudishwa kwao.

"Mmakonde!" yule mwembamba akapiga kelele kutoka kwenye kigoda chake. "Leo umeoga, au bado unangoja masika?"

"Nilikuwa nakungoja wewe, Myao, unipandishie ndoo kutoka bondeni," katibu tarafa akajibu. "Mbona umekuja mikono mitupu?"

Wakakumbatiana, wakapigana migongo. Utani wa Wayao na Wamakonde haukuwa kitu kigeni kwa mjomba. Yeye mwenyewe akishuka Masasi alikuwa akinyang'anywa kofia na Wayao na kucheka. Kilichomshangaza ni kwamba utani ulipokwisha hawakuachana. Walikaa mkeka mmoja, wakaanza kuulizana habari za mtu fulani aliyekuwa akikoroma chumbani kwao.

"Nyinyi mnajuana?" mjomba akauliza.

"Tumelala chumba kimoja, mzee," katibu tarafa akasema. "Tumesoma darasa moja chuo kikuu."

"Darasa la nini?"

"Siasa na utawala."

Mjomba akageuza shingo kutazama uani. Mimi nikainamia moto kama siko.

"Siasa ya nani?" akawauliza. Lilikuwa swali lile lile, lakini safari hii aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Ya kila mtu, mzee," akasema yule Myao. "Unafundishwa ya huyu, unafundishwa ya yule. Ukitoka hapo unachagua mwenyewe wa kugombana naye."

"Mwalimu mmoja?"

"Mmoja."

"Na mtihani?"

"Mmoja, mzee, na huyu Mmakonde aliangalizia kwangu."

"Mwongo mkubwa! Yeye ndiye aliyeangalizia!"

Ikabidi chakula kitoke mapema, maana wageni ni wageni. Nikabeba sinia la ugali, mama akanifuata na bakuli la kisamvu kilichoungwa kwa korosho, linafuka moshi. Alipokuwa ananipa mkononi nilitenge mbele yao, akasema kama kawaida yake, "Kwa siasa, mwanangu, lina moto." Yule Myao akaangua kicheko. "Mama, kumbe na wewe ni wa idara yetu!" Mama akaziba kinywa kwa khanga, akarudi uani mbio. Mjomba hakucheka. Alimtazama dada yake mpaka akaingia jikoni.

Wakanawa, wakala sinia moja, wote watatu. Mjomba alichovya tonge, akauliza wakitoka hapo itakuwaje.

"Mimi nitasimama kiwanjani niseme serikali imechoka," Myao akasema, mdomo umejaa. "Huyu atakaa pembeni aandike niliyoyasema, ayafikishe wilayani."

"Halafu?"

"Halafu atanipakia pikipiki yake mpaka Masasi. Mama yangu amempikia wali, kila siku anamuulizia yeye kuliko mimi."

Mjomba akaacha kutafuna. Nimewahi kukaa kwenye mikutano mingi na wakubwa wa kila namna, na sijapata kuona mtu akibadili mawazo waziwazi vile. Alimeza, akanywa maji, akawasogezea bakuli la kisamvu.

Ukoo ulikaa baada ya sala ya alasiri, wakati kipaza sauti cha mkutano kinasikika kwa mbali kikikoroma. Wajomba, mama wadogo, wote. Mimi nilikaa chini karibu na mama, magoti yangu yamebanwa na viganja vyangu. Mjomba akakohoa.

"Nimefanya uchunguzi," akasema. Uchunguzi wake wote ulikuwa ule ugali, lakini alilitamka neno hilo kama tume nzima. "Siasa anayosoma huyu mtoto si ya kadi. Ni ile ile anayoisema mama yake kila siku akitua ndoo. Kwa siasa, kwa siasa. Huko chuoni wanafundishwa kuwabeba watu bila kuwamwaga. Mwenye nguvu atabeba, lakini atamwaga. Ndiyo maana lazima wasome."

"Kumbe!" akasema mama mdogo mmoja.

"Ndivyo hivyo. Anarudi chuoni. Nimemaliza."

Kila aliyekuwepo alijua kwamba mzee anashuka kutoka kwenye mti alioupanda mwenyewe, na hakuna aliyemtikisia tawi. Na mimi, mwanafunzi anayeingia mwaka wa tatu, nilijua kabisa kwamba siyo maana yenyewe. Ulimi uliniwasha kusahihisha. Mama akaniwekea mkono begani, mzito na wenye harufu ya moshi, nikatulia. Nikaona njaa, nikakumbuka sijala tangu asubuhi. Nilikula mabaki ya kisamvu kwa vidole, nikijikwaruzia mpaka chini ya chungu, na sikumbuki chakula kitamu kuliko kile.

Lakini neno la mjomba lilikuwa la ukoo. Bomba ni la wote, na wanawake wa bombani hawakuwa wamekaa kikao chetu, walikisikia tu kwa mama wadogo. Kesho yake nilikwenda na mama nikiwa na ndoo yangu. Nilimpanga mbele, mimi nikarudi nyuma makusudi, watu kadhaa kati yetu. Nilitaka nione nikiwa sipo itakuwaje.

Maji yalikuwa yanatoka membamba. Mama alijaza ndoo mpaka ukingoni. Sijui ni ujasiri au ni ukaidi, maana asingeweza kuipandisha ile peke yake hata angefanyaje. Akainama, akaweka ngata, akangoja. Nyuma yake alikuwa yule yule jirani. Nikaona mikono ya yule mwanamke inakwenda kwenye fundo la khanga yake, nikafumba macho.

"Mama Siasa," nikamsikia akisema, kwa Kiswahili chake cha kwetu, "mbona unainama vibaya hivyo? Nikutwishe, ntoto wa watu. Ukivunjika shingo, kaka yako atasema ni sisi."

Nilipofumbua macho ndoo ilikuwa inapanda, mikono minne imeishika.

"Kwa siasa," mama akasema.

"Kwa siasa, kwa siasa," jirani akajibu, na wawili watatu nyuma yake wakaitikia huku wanacheka, "Kwa siasaaa!" Maji kidogo yalimwagikia bega la mama, naye akacheka, akaondoka na ndoo yake iliyojaa bila kugeuka kunitazama. Nililia palepale kwenye foleni, nimekumbatia ndoo tupu. Aliyekuwa mbele yangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia sijapata kuwa mzima kama leo.

Niliondoka Newala kwa lori la mnunuzi wa korosho, nimekaa juu ya magunia matupu, nikateremka Masasi na vumbi mpaka kwenye kope. Mama aliitwa Mama Siasa mpaka alipofariki. Waliomzika, wa kadi hii na wa kadi ile, walimwita hivyo hivyo kaburini, na wakamteremsha taratibu, wakiambiana kwa siasa, kwa siasa.

Jana nilimpigia simu yule kijana wa chuoni. Kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake, nikamwambia, lakini mimi naomba iwe kinyume. Vyeo aviache. Chini ya picha aandike: mtoto wa Mama Siasa.